Zimwi Lililotaka Kuitwa Mama

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na nani?

Na mama na bintiye.

Basi, binti aliitwa Nyamvula. Walikaa wawili tu, baba kashakufa. Na mwituni nyuma ya nyumba lilikaa zimwi lisilo na mtoto. Hilo, wajukuu zangu, ni baya kuliko lenye njaa. Mtoto wa mtu akiliita mama mara tatu, limempata. Na kila akiliita, mama aliyemzaa, huko aliko, anasahau, anasahau, anasahau, hata njia ya kwao.

Siku moja mama akaenda kutafuta kuni. Punde si punde Nyamvula akamwona karudi, mikono mitupu.

"Kuni ziko wapi, mama?"

Hiyo moja.

"Ziache. Njoo nikusuke."

Nyamvula akakaa chini, kichwa mapajani. Vidole vikaanza kusuka. Vya baridi. Na yale mapaja, magumu kama kinu.

"Unaniumiza, mama."

Hiyo ya pili. Vidole vikakaza.

"Mbona sikusikii ukipumua?"

"Tulia. Hebu niite tena vile ulivyoniita. Niite, Nyamvula, mwanangu."

Nyamvula akafungua mdomo. Ukabaki wazi.

Maana Nyamvula ni jina la bibi yake mzaa baba, na mke halitaji jina la mkwe wake, hata mkwe awe kaburini. Tangu kumzaa, mama alimwita Mkwe. Akifurahi, Mkwe. Akikasirika, Mkwe. Akimchapa, Mkwe.

"Jina langu umelitoa wapi?"

"Niite."

"Kwa wenzangu, siyo? Umekaa vichakani unatusikiliza tukicheza."

"Niite."

Basi akajichomoa. Nywele zikabaki vidoleni, na ngozi kidogo. Akakimbia, nyuma anasikia: niite, niite, niite.

Akamkuta mama njiani, kasimama na mzigo kichwani, macho hayana mtu.

"Binti, hujui kwangu ni wapi? Nimepasahau."

"Mama. Ni mimi, mama."

Mzigo ukaanguka. Mama akamshika kichwa, akaiona damu.

"Mkwe! Ni nani kakusuka hivi?"

"Tusirudi, mama. Bado amekaa."

Wakaenda kwa shangazi, na nyumba wakaiacha. Mpaka leo mlango uko wazi, na ndani kuna mtu anasuka, anasuka, anasuka, na kichwa cha kusuka hana.

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni, msiingie. Na adabu ya nyumbani kwenu ishikeni, hata kama hamjaijua kazi yake.