Pimbi Aliyejichora Mlangoni

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakikaa nyumba kwa nyumba na kuazimana chumvi, Pimbi aliishi pangoni, jirani na Kifaru. Walikuwa marafiki wa sahani moja. Kila jioni Kifaru alikuja na viazi vya kuchemsha, na desturi yao ilikuwa hii: mgeni hatii mkono sahanini mpaka mwenyeji aanze.

Sasa, Pimbi alikuwa mchoraji. Alichora hadithi ya picha kwenye magome ya mti, gome baada ya gome: hadithi ya Kobe aliyetaka kupanda mawinguni. Kobe atafikaje huko? Hata Pimbi hakujua, na kutojua huko kulimwasha kama upupu. Lakini kila mkono ulipokolea kazi, Kifaru hodi.

"Huyu naye," akanung'unika. "Nitamkwepa bila kumfukuza."

Kifaru ana nguvu, ila macho yake hafifu. Basi Pimbi akachukua mkaa, akajichora ukutani pale mlangoni: masikio, tumbo, meno mawili. Kisha akajibanza ndani na magome yake.

"Hodi, swahiba."

"Mm," Pimbi akaitikia kutoka ndani.

Kifaru akakaa mbele ya picha. Akaisimulia habari za mguu wake unaouma. Akauliza, "Na Kobe wako amefika wapi?"

"Mm."

"Haya, anza viazi basi."

"Mm."

Kifaru akangoja. Viazi vikapoa. Tumbo likanguruma, nguruu, lakini desturi ni desturi.

"Mbona huli? Unaumwa?" Akasogea amnuse rafiki yake. Bu! Pua ikagonga jiwe, ikatoka nyeusi tititi.

Akairamba. Makaa. Akabeba sahani yake, akaondoka. Pimbi akachungulia, akacheka kwikwikwi, akarudi kuchora.

Kesho yake Kifaru hakuja, wala keshokutwa. Pimbi akachora weee, mpaka Kobe akafika mawinguni. Akageuka amwonyeshe mtu. Hapakuwa na mtu.

Akakumbatia magome, mbio mpaka kwa Kifaru. Ndani mlikuwa na kiza kidogo, na Kifaru amejilaza pembeni, pembe juu.

"Hodi, swahiba. Nimemaliza."

"Mm."

Pimbi akasimulia yote, akirukaruka. Akafika pale Kobe anapoteleza juu ya wingu, penyewe pa kuchekesha.

"Hata hucheki?"

"Mm."

Pimbi akamgusa. Chwapu, mkono ukazama. Lilikuwa rundo la tope, na pembe ilikuwa kisiki.

Kifaru akatokea chumba cha ndani na sahani ya viazi. "Vipi, nimekusikiliza vizuri?"

Uso ukamshuka Pimbi. "Nimekukosea, ndugu yangu. Asubuhi nitachora. Jioni ni yako."

"Yangu na nani? Na ukuta?"

"Na mimi mwenyewe, na meno yangu haya."

Kifaru akamtazama kwa karibu sana, akamnusa. Kisha akatwaa kiazi cha kwanza, maana leo mwenyeji alikuwa yeye, akaisukuma sahani.

"Haya, anza upya. Kobe alipandaje?"

Nami mkaa wangu nauweka chini hapa, wanangu: penda kazi ya mikono yako, lakini rafiki mpe uso wako, usimpe picha yako.