Furthermore ya Katibu Nsajigwa

Soma mpaka mwisho, kisha mtumie katibu yeyote unayemjua.

Pampu ya kisima cha zahanati ilikufa mwezi Juni. Tangu siku hiyo nesi Tusekile alizalisha kina mama kwa ndoo moja ya maji ya bwawani, yaliyochemshwa kwa kuni. Akamwomba Nsajigwa, katibu wa kijiji, amwandikie barua mhandisi wa maji wilayani.

Jamani, katibu huyo alikuwa na ugonjwa wa Kiingereza! Barua ya kijiji lazima ipambwe, na pambo lake kuu lilikuwa neno moja: furthermore. Wazee walipolisikia likisomwa mkutanoni, walipiga makofi.

Barua ya kwanza ikaenda. Kimya. Ya pili ikaenda. Kimya. Ya tatu Tusekile aliidaka kabla haijatumwa, akaisoma mwenyewe. Salamu kwa mhandisi. Furthermore, pongezi kwa ofisi yake. Furthermore, shukrani kwa mvua.

“Katibu, neno hili maana yake nini?”

“Zaidi ya hayo,” akajibu Nsajigwa, kifua mbele.

“Zaidi ya yapi? Hujasema hata moja! Pampu iko wapi humu?”

“Taratibu, nesi. Mkubwa haendewi kwa papara. Pampu nitaitaja barua ya nne, akishalainika.”

Tusekile alitamani kupiga kelele. Hakungoja hiyo ya nne, akapanda bodaboda hadi wilayani na hasira zake zote.

Mhandisi aliposikia jina la kijiji chake, alimpokea kwa bashasha. Ukutani, ndani ya fremu, zilining'inia barua mbili za Nsajigwa.

“Kumbe ndiko unakotoka! Kijiji cha pekee kisicholalamika. Wengine kila siku pampu, pampu. Nilikuwa na moja stoo, wiki iliyopita nimewapa jirani zenu. Ninyi nilijua mko vizuri.”

Tusekile akakaa kitini. Akaomba karatasi, akaandika: “Zahanati haina maji tangu Juni. Tunazalisha kwa maji ya bwawani. Tunaomba pampu.”

Mhandisi akaisoma, uso ukamshuka.

“Mama, hii mbona hamkuileta mapema?”

Pampu nyingine ilipatikana Desemba. Miezi yote hiyo, kina mama waliendelea kujifungua kwa ndoo moja.

Funzo: Ukiwa na shida, itaje kwanza kwa maneno yako ya kila siku. Ya kuongezea yatafuata, kama yatahitajika.