Meza ya Mafundi Watatu

Jifya moja haliinjiki chungu. Jifya ni figa, na chungu hukaa juu ya matatu; maana yake ni kwamba mtu hata awe hodari vipi, kazi haisimami kwa nguvu zake peke yake. Israël aliijua methali hii tangu Bukavu, ila aliidhani ni ya wapishi.

Katikati ya jiji la Durban alikuwa akitumia meza moja na wenzake wawili. Félicité alibadilisha vioo vya simu, Hardy alishughulikia programu, naye Israël alilehemu bodi, ule ubao wa saketi ulio ndani ya simu. Siku kichwa kilipomvimba aliwaambia, "Kioo na programu, hata mtoto anaweza. Kazi ni yangu!" Akahamia mtaa wa pili, akafungua kibanda chake. Wateja walikuja kwa nadra, na siku nzima hakuwa na wa kusema naye. Upweke ulimtafuna kama mchwa.

Asubuhi moja redio ilitangaza kwamba mawaziri wa China, Japani na Korea Kusini wamekutana tena kuzungumzia ushirikiano wa kibiashara. Israël akacheka kwa dharau. "Hao, na chuki zao za tangu enzi za mababu? Hawafiki popote."

Mara akaingia Marie-Claire, msusi wa saluni ya jirani, na simu iliyozama majini.

"Papa Israël, sauti ya maman iko humu. Alikufa mwezi jana, sina ingine. Utaweza?"

"Sharp, mama. Niachie."

Akaifungua. Kioo kilitoka Korea, kamera Japani, na simu yenyewe iliunganishwa China. Sasa akafahamu kwa nini wale mahasimu hawaachi kukutana: kila mmoja ana asichonacho mwenzake. Aliona haya. Bodi aliifufua, lakini kioo kilibaki cheusi na programu ilikuwa imevurugika. Angekosea kidogo tu, sauti ya marehemu ingefutika.

Akameza kiburi, akaenda kwa wenzake. Félicité akaweka kioo, Hardy akanyoosha programu, wala hawakumsimanga. Wakajaribu ujumbe mmoja wa sauti ya marehemu: "Mwanangu, umekula?"

Israël akavuta kiti alichokuwa akikalia zamani.

"Eish, Papa, pardon," Hardy akasema taratibu. "Hapo iko mutu. Goodluck, ule Mtanzania. Yeye ndiye anafanya bodi sasa. Ameenda tu kununua chai."

Israël akakirudisha kiti mahali pake, akashukuru, akaondoka. Marie-Claire alipokea simu yake akilia na kucheka, akaenda zake ameibana sikioni. Fundi akabaki kibandani na ujuzi wake wote, moyo ukimuuma, kwani jifya moja haliinjiki chungu.