Moyo Mpya Hauulizi Mbavu

"Moyo mpya hauulizi mbavu." Mtangazaji wa mpira aliisema jana redioni akimzungumzia kocha mgeni, na ninyi wajukuu zangu mmeing'ang'ania tangu asubuhi kana kwamba mmeitunga wenyewe. Sasa Wande ananiuliza ni wahenga gani walioisema. Hapana wahenga hapo. Aliyeisema ni Kapela, fundi wa reli, na mimi babu yenu nilikuwa nimesimama mbele yake. Kaeni niwaeleze ilivyokuwa, ingawa si habari ninayoipenda.

Kapela na mimi tulifanya kazi pamoja miaka thelathini kwenye karakana ya mabehewa. Yeye alikuwa akigonga ribiti, zile pini za kuunganishia mabamba ya chuma, na kelele zake zilimla masikio. Alipostaafu alikuwa hasikii hata honi ya treni. Ukitaka kuzungumza naye ilibidi umtazame, naye akusome mdomo. Mimi nilikuwa mgonga magurudumu. Treni ikisimama, napita na nyundo yangu ya mpini mrefu, nagonga gurudumu moja moja na kusikiliza. Gurudumu zima hulia kama kengele. Lenye ufa hulia kama chungu kilichopasuka, hata kama jicho halioni kitu. Nikisema "zima", treni inaondoka; nikisema "bovu", behewa linakatwa kwenye treni, na mkubwa gani angenibishia? Watu walisafiri usiku kucha wamelala kwa sababu ya sikio langu.

Kapela alijaliwa mtoto mmoja tu, Mabula. Baba na mwana walipenda mashindano ya magari ya rimoti, yale madogo, urefu wa mkono mpaka kiwiko, yenye tairi za meno. Msicheke. Hapa Tabora watu wazima wenye ndevu walikuwa wakiyakimbiza kwenye vumbi, katika kiwanja cha tanuri la matofali lililoachwa, na wakishindwa hawali chakula cha jioni. Chini ya gari la namna hiyo kuna bamba la alumini linalobeba kila kitu. Sisi watu wa mchezo tuliliita mbavu, na mota tuliiita moyo. Mabula aliazima mihuri ya chuma ya karakana, ile ya kugongea namba kwenye mabehewa, akagonga jina lake katikati ya bamba, herufi moja moja: MABULA. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Kabla mwaka haujaisha alikufa kwa homa ya uti wa mgongo.

Kapela hakulia mbele za watu. Alilichukua lile gari, na kila Jumamosi akawa analipeleka mashindanoni. Alitaka jambo moja tu duniani, na alilisema wazi kwa yeyote aliyemuuliza: jina lile liendelee kukimbia.

Miaka ikapita. Kiwanda kilichotengeneza gari lile kikatoa toleo jipya, jepesi, lenye nguvu maradufu, na wenzetu wakahamia huko mmoja mmoja. Gari la Mabula likawa la mwisho kila Jumamosi. Hatimaye kamati ikatangaza kwamba gari litakalopitwa mara tatu katika mbio moja litafutwa kwenye orodha. Hawakumtaja Kapela, lakini nani hakujua?

"Nunua jipya," nilimwambia. "Hili litundike ukutani, Mama Mabula alipanguse vumbi."

"Ukutani kuna picha yake," alinijibu kwa ile sauti yake kubwa ya kiziwi. "Picha inatosha kutundikwa."

Basi akaanza kulivalisha gari la zamani viungo vya toleo jipya. Bahati, au niseme balaa, matundu ya skrubu yalikuwa palepale. Alianza na shokapu, zikaingia. Akaweka ekseli mpya, zikaingia baada ya kupigwa tupa kidogo. Zikafuata tairi, gia na usukani. Mwisho akaleta mota ya kisasa na betri yake, ile laini ya kubonyea kama kipande cha sabuni. Alipomaliza, cha zamani kilichobaki kilikuwa bamba tu, na jina lake.

Asubuhi ya mashindano alinijia na gari limefunguliwa mota na betri, akaniwekea mezani.

"Wewe una sikio," alisema. "Moyo huu una nguvu mno. Nigongee mbavu."

Nilichukua nyundo ndogo nikagonga mbele. Palilia vizuri. Nikagonga nyuma, pakalia vizuri. Nikagonga katikati, penye jina, pakatoa sauti fupi, nzito, imekufa. Nikarudia. Ni ileile. Niligeuza bamba kwenye mwanga nisione kitu, lakini sikuhitaji kuona. Bamba ukiligonga mihuri unalijeruhi, na jeraha lile lilikuwa limetembea chini kwa chini miaka yote ile, likianzia kwenye herufi za mtoto mwenyewe.

Nikainua uso. Kapela alikuwa akinitazama mdomo. Macho yake yalikuwa ya mtu aliye nje ya mlango wa wodi akingoja daktari atoke. Mara moja alikwisha kungoja hivyo, na mimi nilikuwepo siku ile, nikaona alivyojibiwa. Nilimhurumia, wajukuu zangu. Nilimhurumia vibaya.

"Zima," nikasema.

Akanishika bega, akaenda kufunga mota.

Mbio zikaanza saa nne. Mizunguko mitano ya kwanza gari la Mabula lilikuwa la tatu. Mzunguko wa sita likawa la pili, na watu waliokuwa wakimcheka Kapela wakaanza kumpigia makofi. Kapela alikuwa akicheka peke yake. Mimi nilikuwa nikisali. Nilijidanganya kwamba labda sikio langu limezeeka.

Mzunguko wa nane gari lilipanda kilima cha kurukia, likaruka juu kuliko yote, likatua kwa tumbo, na mota ikiwa bado inasukuma kwa nguvu zake zote bamba likakatika katikati. Nusu ya nyuma ilitupwa pembeni. Ncha ya nusu ya mbele ilijikunja ikaitoboa betri. Ulitoka moshi mweupe, halafu moto.

Kila mtu akapiga kelele: "Zima! Zima!" Wakachota mchanga. Kapela aliruka kamba akakimbilia pale. Nikamfuata, nikasimama mbele yake, na mimi nikapiga kelele kwa neno lilelile: "Zima moto kwanza! Zima!" Akanitazama mdomo. Sijui alilisoma neno gani. Najua kwamba alinisukuma, akaingiza mkono wa kulia motoni kulitoa jina la mwanawe. Betri za namna ile hushikamana na kitu zinapoungua. Alipoutoa mkono, ulikuwa haufai tena kushika spana, wala kijiko.

Nilikwenda hospitali siku ya tatu pamoja na wenzetu wawili wa kamati. Kapela alikuwa ameketi kitandani, mkono umefungwa mpaka kwenye kiwiko. Juu ya shuka palikuwa na ile nusu ya nyuma ya bamba, ambayo haikuguswa na moto, yenye herufi tatu za mwisho. Alikuwa ameigeuza mahali ilipokatika. Mtu wa reli hahitaji kuambiwa: palipokatika siku hiyo panang'aa, na palipokuwa na ufa wa zamani ni peusi kwa mafuta na vumbi. Robo tatu ya ukingo ule ilikuwa nyeusi.

Mmoja wa wenzangu akasema maneno ya kumfariji, kwamba mota za siku hizi zina nguvu kupita kiasi.

"Moyo mpya hauulizi mbavu," alijibu Kapela, na wodi nzima ikageuka. Kisha akanitazama mimi. "Wewe uliziuliza. Zilikujibu nini?"

Nilisema polepole, ili asome vizuri. "Bovu."

Alinitazama kidogo, akageukia ukutani. Kiziwi akikupa kisogo, maneno yako yote ya kuomba msamaha utayapeleka wapi? Niliyasema hata hivyo, nikiyasemea mgongo wake. Aliishi miaka minne baada ya hapo, na kila nilipomwendea alinipa kisogo.

Wale wenzangu wawili waliichukua sentensi yake ya kwanza wakatoka nayo mjini. Mtu akifunga injini mpya kwenye gari bovu wanamwambia hivyo, na leo imefika kwa makocha. Ya pili waliiacha wodini, nami sikuwahi kuwakumbusha. Lakini ninyi mmeuliza. Mota haina lawama, maana haina masikio. Mimi nilikuwa nayo. Moyo mpya hauulizi mbavu.