Ndoana za Manyoya za Bibi Lubaba

Wametusimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba katika mji mmoja wa milima ya Andalusi aliishi mjane mchamungu, jina lake Lubaba binti Asbagh, Mola amrehemu. Kazi iliyomlisha ilikuwa kushona kofia. Lakini kila siku baada ya Alasiri aliziweka kofia pembeni, akachukua ndoana ndogo za chuma na kuzifungia manyoya ya shingo ya jogoo kwa uzi wa hariri, mpaka kila ndoana ikafanana na nzi aliyetua majini. Mto wa mji ule ulikuwa na samaki wa madoa ambao wakati wa joto hawakugusa mnyoo, walitaka nzi tu, na wavuvi wakazipenda sana ndoana zile.

Pato la kofia lilikuwa la chakula. Pato la ndoana alilitia katika mfuko wa ngozi kwa nia moja, nayo ni kwenda Hija. Alikuwa amefika miaka sitini na mitano, na kila mwaka aliutazama msafara wa mahujaji ukipita chini ya dirisha lake akabaki na sindano mkononi.

Sasa sikilizeni alivyofanya kazi, kwa kuwa kisa chote kimo humo. Uzi ulitakiwa uzungushwe mara thelathini na tatu. Ukipungua, manyoya hung'oka samaki wa kwanza akiuma. Ukizidi, kichwa huwa kizito na ndoana huzama. Macho ya Bibi yalikuwa yamechoka na hesabu ilikuwa ikimpotea, basi kwa kila mzunguko alisema "Subhanallah", kama tufanyavyo baada ya sala, na tasbihi ilipotimia alijua uzi umetosha.

Bei aliipanga mwenyewe, wala hakuona haya kuitaja: nusu dirhamu kwa ndoana moja. Humo mlikuwa na chuma, hariri, nta, na ujira wa macho yake. Aliyelalamika kuwa ni ghali alimwambia akafunge yake. Wengi walijaribu, wakarudi na vidole vilivyotobolewa na nusu dirhamu mkononi.

Ndoana zile zilikuwa zikiuzwa katika duka la jirani yake Mufarrij, muuza manukato, mtu mchangamfu mwenye ulimi mwepesi. Siku moja Mufarrij alipita mlangoni kwa Bibi, akamsikia akisabihi juu ya kazi yake. Tangu siku ile pato likapanda. Badala ya nusu dirhamu akawa anamletea Bibi dirhamu tatu kwa kila ndoana, akisema, "Watu wamezipenda, Bibi. Mshukuru Mola wako."

Bibi akamshukuru Mola wake, na hakuuliza zaidi. Hapo ndipo alipoteleza, ndugu zangu, na mimi simsemi vibaya, kwa maana sijui ni nani kati yetu angeuliza. Mfuko ulikuwa ukijaa na Makka ilikuwa ikikaribia.

Mfuko ulitimia siku kumi kabla ya msafara kuondoka. Asubuhi ile ile mvuvi mmoja akaja kubisha hodi. Aliitwa Jahwar, mtu mzima mwenye mikono mipana, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Assalaamu alaykum, Bibi."

"Wa alaykumu ssalaam, mwanangu. Karibu. Una nini?"

Jahwar akafungua kitambaa, akamwonyesha ndoana. "Nimekuja uniombee dua. Nilitoa dirhamu tano kwa hii, nikauza na blanketi. Wiki mbili sasa sijapata hata kisamaki. Mufarrij amesema imesomewa thikri, na haimnyimi samaki ila mtu ambaye Mola amemkasirikia." Akaifunga tena kitambaani, kisha akasema, "Tangu Ijumaa sijaenda msikitini. Naenda kufanya nini, ikiwa sitakiwi?"

Bibi Lubaba akaichukua ile ndoana, akaigeuza mwangani. Akamuuliza, "Umekuwa ukivua wapi?"

"Pale pale chini ya daraja."

"Na maji yakoje?"

"Tangu mvua ile ya milimani yamekuwa tope tupu."

"Basi samaki hakuiona, Jahwar. Nzi wangu huliwa kwa kuonekana. Katika maji ya tope hata mimi nisingepata kitu, na thikri yangu yote. Mimi husabihi nisipotewe na hesabu ya uzi. Nenda msikitini. Mto ukitakata urudi darajani."

Jahwar akamtazama kama mtu aliyetuliwa mzigo na bado haamini, akaondoka. Bibi akajifunga shela, akenda dukani.

Mufarrij hakukana. "Nimesema uongo gani, Bibi? Hukumtaja Mwenyezi Mungu mara thelathini na tatu?"

"Nilimtaja. Na wewe kutaja kule ukakuuza, kitu ambacho si changu wala si chako. Mimi nauza chuma, hariri, nta na macho yangu. Nitarudisha kila kilichozidi nusu dirhamu."

"Hija je? Ukizirudisha hufiki hata bandarini. Na kwa umri huu, Bibi, unajua kama mwakani utakuwapo?"

Inasemekana kwamba hapo Bibi alilia, wala hakuyaficha machozi yake. Aliitaka safari ile kuliko kitu chochote duniani. Kisha akajipangusa. "Sijui. Wewe sehemu yako utajuana na Mola wako. Yangu nimekwisha kuamua."

Siku ya Ijumaa, watu walipotoka kuswali, walimkuta Bibi Lubaba mlangoni mwa duka na mfuko wake wa ngozi. Akawaeleza yote bila kujipamba: kwamba ndoana hazina siri ila kazi nzuri, na kwamba yeye mwenyewe amekosa kwa kutouliza. Akawarudishia mmoja mmoja. Mzee mmoja alikataa kupokea, akiogopa kwamba akirudishiwa fedha baraka itaitoka ndoana yake, na Bibi akamtilia dirhamu zake kofiani. Mwingine mjanja akasema, "Ikiwa ni manyoya tu, basi sasa tupunguzie, iwe robo."

"Nusu dirhamu," akajibu Bibi. "Kwa hesabu yangu sikuwahi kuongeza bei kwa ajili ya thikri, kwa hiyo sina cha kupunguza."

Watu wakacheka, na yule mjanja akanunua mbili. Mufarrij alistahimili mpaka Jumapili, kisha akaanza kurudisha na yake, uso umekunjamana kama aliyelamba ndimu.

Msafara ukapita chini ya dirisha kama kila mwaka. Siku chache baadaye mto ukatakata. Jahwar akaja na samaki wanne wa madoa waliofungwa kwa majani. "Wa kwanza alinasa kabla sijasema hata Bismillahi," akasema kwa aibu. Bibi akacheka mpaka akashika mbavu, akamwambia, "Na hao watatu?" Jahwar akasema, "Hao nilitaja, kwa shukrani."

Jirani yake mmoja wa kike, aliyekuja kusaidia kupara samaki, akamuuliza kama moyo haumuumi kwa Hija iliyompita.

"Unaniuma," akasema Bibi Lubaba. "Lakini Kaaba haihami, nikipewa uhai nitaikuta pale pale. Jahwar alikuwa amekwisha kuanza kumhama Mola wake, na fedha ya uongo uliomhamisha ilikuwa mfukoni mwangu."

Wasimulizi wamehitilafiana kama alijaaliwa kuhiji baadaye. Mimi nashikamana na wanaosema alikwenda, miaka mitatu baada ya hapo, kwa nusu dirhamu nusu dirhamu. Nanyi mnaouza vitu kwa mikono yenu, takeni ujira wenu kamili wala msione haya. Ila mkiona mtu ameongeza bei kwa jina la Mola wenu, mwulizeni siku ile ile, kabla mfuko haujawanogea.