Mbegu Isiyokunywa Kikombeni

Mbegu isiyokunywa kikombeni itakunywa tumboni. Mmemsikia shangazi yenu akimwambia hivyo mumewe, mkacheka mkidhani ni mambo ya jikoni. Ni ya jikoni kweli, na jiko lenyewe lilikuwa la Ma Kokusima, kule Karagwe.

Miaka hiyo mbegu za chia zilikuwa ndiyo kwanza zimeingia. Watu walizilima kando ya migomba wakauza magunia bila kuonja hata punje. Kokusima alionja. Mumewe, Kaijage, alikuwa ameambiwa na daktari apunguze nyama na rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, basi mama wa watu akaanza kumtilia chia kwenye uji wa ulezi. Kila jioni aliziroweka katika kikombe cha bati chenye maua mekundu, na asubuhi zilikuwa zimenenepa, zinateleza kama mlenda.

"Mbegu gani hii ya kubembelezwa usiku kucha?" Kaijage alinung'unika, lakini alikunywa.

Uji haukuwa shida ya Kokusima. Kilichomnyima raha ni kwamba Kaijage na kaka yake, Rugemalira, walikuwa hawasemezani tangu baba yao alipozikwa, na nyumba zao zinatazamana. Sababu Kaijage hakuitaja hata kwa mkewe. Kokusima aliogopa mmoja angetangulia, mwingine abaki na maneno yasiyo na wa kuambiwa.

Mwisho alimfuata shemeji yake akamwomba aje kunywa uji. Jumapili akaja. Zamani hizo, wanangu, na natamani mngeziona, mgeni alitandikiwa nyasi mbichi zinazonukia nyumba nzima, akaletewa kahawa ya kutafuna, buni zilizochemshwa zikakaushwa, na mwenyeji alitafuna wa kwanza. Siku hiyo kikapu cha buni kilikuwa kitupu. Kaijage hakuwa tayari kuaibika, hasa mbele ya mtu yule. Akachota chia kavu kwenye debe, akajaza kiganja, akazitupia mdomoni akatafuna kama buni. Kisha akashushia maji.

Hakufika mbali. Mbegu zilivimba kwa yale maji, kifua kikambana, hazishuki wala hazipandi, macho yakamtoka. Kokusima alikuwa bado hajainuka pale Rugemalira alipoitupa fimbo yake, akamkumbatia ndugu yake kwa nyuma, akamwinamisha, akampiga mgongoni mpaka donge zito likatoka.

Kaijage alikaa chini kwenye nyasi, anahema. Kokusima akamfuta uso.

"Nilikwambia zinarowekwa, baba Muganyizi. Mbegu isiyokunywa kikombeni itakunywa tumboni."

Rugemalira alikuwa hajauondoa mkono wake mgongoni kwa mwenzake.

"Na lile jingine?" akauliza polepole. "Miaka yote hii umemeza nini, mdogo wangu?"

Kaijage aliinama. "Ulimzika baba bila kunisubiri. Nilifika kutoka safari nikakuta udongo mbichi."

"Mvua ilikata barabara. Nilidhani hufiki." Rugemalira akatikisa kichwa. "Hapana. Hata hivyo ilinipasa nikusubiri. Nilijua siku ile ile kuwa nimekosa, nikangoja uanze wewe kusema."

Wazee wale walilia bila kuona haya, na Kokusima akaenda kubandika uji.

Tangu siku hiyo aliroweka vikombe viwili, maana Rugemalira alivuka njia kila asubuhi kuja kunywa chake. Walikunywa wakibishana juu ya ndizi na mvua, na mimi mpaka leo naukumbuka ubishi ule kwa hamu. Rugemalira ndiye aliyetangulia. Safari hii Kaijage alikuwepo, akamwaga udongo wa kwanza kwa mkono wake. Jioni ya mazishi Kokusima, kwa mazoea, akaroweka vikombe viwili. Asubuhi alipotaka kukiondoa kimoja, Kaijage alimzuia. Akanywa chake, kisha akanywa cha kaka yake, taratibu, mpaka tone la mwisho.

Basi msimcheke shangazi yenu. Mbegu isiyokunywa kikombeni itakunywa tumboni.