Chaki, Mbwa Asiyesikia

"Mficha kilema cha mbwa humkosesha kwao." Mliisikia jana mshenga alipoitamka sebuleni kwa wakwe, mkatazamana, na hadi leo mnauliza mbwa na posa wamekutania wapi. Mna haki ya kuuliza. Methali hii si ya kale kama mnavyodhani. Imezaliwa siku hizi hizi za simu, huku kwetu Tukuyu, na ilianza hivi.

Palikuwa na fundi cherehani aitwaye Tusajigwe, mwanamke mpole asiyependa kumkera mtu. Aliishi na mbwa wake, Chaki, mweupe pee isipokuwa sikio moja jeusi, aliyemwokota mtaroni angali mdogo. Chaki alikuwa kiziwi. Tusajigwe aliligundua hilo mapema, kwani sahani ilipovunjika nyuma yake hakugeuka, na zile radi zetu zinazowafanya watu wazima wajifunike blanketi hazikumkatizia usingizi. Basi wakatafutiana njia. Alipomtaka, alipiga mguu sakafuni, na Chaki aliyelala na tumbo chini alihisi mtikisiko, akainuka, akaja mkia ukicheza. Majirani hawakujua lolote. Walimwona mbwa mtulivu tu.

Kisha mama yake, Bi Subilaga, akashikwa na pumu kule Kyela. Hakuwa na mtoto mwingine, kwa hiyo Tusajigwe akaenda kumchukua. Hazikupita siku nyingi kifua cha mama kikabana zaidi, na daktari akasema wazi kwamba manyoya ya mbwa ndiyo yanayomchokoza. Ama mgonjwa ahame, ama mbwa. Mama akasema yeye atarudi Kyela, akaanza hata kukunja khanga zake. Tusajigwe akamnyang'anya zile khanga akazirudisha kabatini. Lakini Chaki naye angempeleka wapi? Mbwa asiyesikia honi hakai mjini, na mbwa wasio na wenyewe hupigwa risasi.

Mteja mmoja akamwonyesha ukurasa wa mtandaoni uitwao Makao Mapya, ambapo watu hutangaza wanyama wasioweza tena kukaa nao, na wenye nafasi huwachukua. Tusajigwe akapiga picha, akachagua ile iliyomwonyesha Chaki ameinua kichwa kama askari wa gwaride, kisha akakaa na simu kuandika. Alipofika kwenye tabia za mbwa alisita. Mama akamwambia mtu hatembezi posa kwa kutaja vidonda. Akaandika: mbwa mzuri, ana chanjo zote, hodari kwa ulinzi, hapitwi na kitu.

Kabla ya jioni alipigiwa na Gwamaka, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Kiwira. Alikuja mwenyewe, akamkagua Chaki meno na kifua, akaridhika, akamchukua. Tusajigwe alilia, lakini moyo wake ukatulia.

Haukutulia sana. Wiki ile ile, mvua ikinyesha, Gwamaka alirudi na Chaki akiwa amefungwa kamba, wote wawili wamelowa chapachapa. Wezi walikuwa wamebeba mabati yake wakipita hatua chache kutoka pale mbwa alipolala, na mlinzi wake hakuinua hata sikio. Hakufoka. Alimkabidhi kamba tu, akasema, "Dada, ungeniambia ukweli nisingekuja. Na huyu mnyama nisingempiga." Ndipo Tusajigwe alipoona alama ya fimbo mgongoni mwa Chaki.

Tangazo likaondolewa kwa sababu Gwamaka alilalamika. Tusajigwe akaandika jingine, safari hii bila neno la ulinzi, akisema tu kwamba ni mbwa mzuri na mpole. Likakataliwa. Akaongeza umri na chanjo. Likakataliwa tena. Alikuwa akijiuliza wanataka nini zaidi, pale msimamizi wa ukurasa, mwanamke aitwaye Zulfa, alipompigia. Zulfa alimweleza kwamba masharti yao si magumu: sema mnyama ni nani, kwa nini anaondoka, na anahitaji nini ili aishi vizuri. Hili la tatu ndilo analokwepa.

"Akilala," Zulfa akauliza, "unamwamshaje?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza Tusajigwe jambo hilo. "Napiga mguu chini," akasema. "Hasikii. Tangu utotoni."

"Basi andika hivyo."

"Nikiandika hivyo nani atamtaka?"

"Mimi sijui, na wewe hujui. Tukiandika ndipo tutajua."

Maneno hayo yalimkaa. Kwa mara ya kwanza, pamoja na hofu yake, akaanza kuona shauku. Ni mtu wa namna gani huko duniani anayeweza kumhitaji mbwa kiziwi? Akaandika kwa lugha ya kawaida, kama anayemhadithia jirani: "Anaitwa Chaki. Ni kiziwi kabisa, hafai kulinda. Anaondoka kwa sababu mama yangu ana pumu. Ukimtaka, piga mguu chini, atakuja. Usimguse akiwa usingizini kabla hajakuona, atashtuka. Asikae karibu na barabara. Hachoki kukaa na mtu." Akaweka picha ambayo Chaki amelala chali, miguu juu. Tangazo likapokelewa saa hiyo hiyo.

Dhihaka zikafuata. Mmoja akauliza mbwa kiziwi ana tofauti gani na gogo. Mwingine akasema atamchukua akipewa na kuku bubu. Tusajigwe alizisoma zote akisubiri, na mama akimtazama kwa macho ya mtu aliyejiona mzigo. Hatimaye ukaja ujumbe ambao haukufanana na mwingine wowote. Haukuuliza kuhusu rangi wala meno. Ulisema hivi tu: "Ni kiziwi kweli, au anasikia kidogo? Kama anasikia kidogo hatanifaa."

Aliusoma mara nyingi, asielewe. Ni nani anayeogopa mbwa anayesikia? Akajibu kwamba ni kiziwi kweli, ila lazima kwanza apaone mahali. Siku ya pili akamchukua Chaki wakaenda kijijini Masoko, ulikotoka ujumbe ule.

Walikuwa bado mbali alipoanza kusikia ngurumo. Ilikuwa mashine ya kusaga. Mwenyewe, mama wa makamo aitwaye Ikupa, alitoka amejaa unga hadi kwenye kope, akamkaribisha kwa kupaza sauti. Alimweleza kwamba anaishi chumba cha nyuma ya mashine, peke yake tangu mumewe afariki. Amewahi kufuga mbwa watatu, na wote wamemkimbia. Wa mwisho alilia siku nzima mashine ikinguruma, akigonga kichwa ukutani, mpaka Ikupa mwenyewe akamfungulia aende.

"Na mimi nisogelee, mwanangu," akaongeza, "masikio yangu mashine hii imeyala. Watu wamechoka kupiga kelele ili niwasikie. Wanaleta mahindi, wanabeba unga, wanaondoka."

Tusajigwe akamfungua Chaki kamba. Mbwa akainusa pumba, akaizunguka mashine, kisha akasimama. Sakafu nzima ilikuwa ikitetemeka chini ya miguu yake. Akainamisha kichwa kana kwamba anaitwa na watu wengi kwa pamoja, akalala kifudifudi kando ya mashine ile, akahema kwa nguvu, akafumba macho. Ikupa alimtazama, akaizima mashine. Kimya kilipoingia, akapiga mguu chini kwa woga, kama mtu anayebisha hodi kwa watu asiowajua. Chaki akainuka, akamwendea, akaegemeza kichwa gotini mwake. Yule mama akakaa chini pale pale kwenye unga, akamkumbatia.

Tusajigwe akarudi peke yake, ameikunja kamba mkononi. Nyumbani mama alikuwa akingoja mlangoni, akauliza kwa sauti ndogo kama amepatikana mtu wa kumvumilia.

"Si wa kumvumilia, mama. Wa kumtafuta. Alikuwa akimtafuta kiziwi, na mimi nilikuwa nikimficha."

Bi Subilaga akakumbuka shauri alilolitoa siku ya kwanza. Kisha akatamka maneno yale mliyoyasikia jana. Tusajigwe alipompelekea Ikupa salamu, akamwandikia pia alivyosema mama yake, naye Ikupa akayaandikisha kwa rangi nyekundu juu ya mlango wa mashine. Wenye madebe ya mahindi wakayasoma wakiwa kwenye foleni, wakacheka, wakayabeba pamoja na unga wao hadi shambani, sokoni na kwenye posa: mficha kilema cha mbwa humkosesha kwao.